Watunzaji wa wazee mjini Guangzhou nao wahitaji kutunzwa

Mgeni anayefika katika mji wa Guangzhou, ulioko kusini mwa China, akiamka mapema atawaona wazee kila mahali. Wapo katika bustani ya Yuexiu wakifanya mazoezi ya taijiquan, wapo kando ya Mto Zhujiang wakitembea polepole, na wapo katika mikahawa ya chai, ambako kwa desturi ya watu wa huko chai ya asubuhi hunywewa bila haraka, pamoja na vitafunio vidogo vidogo vilivyopikwa kwa mvuke. Lakini wapo pia wazee ambao mgeni hawaoni. Hao ni wale waliopatwa na kiharusi, waliovunjika nyonga, au waliopoteza kumbukumbu. Wamo ndani ya nyumba zao, na kando ya kila mmoja wao yupo mtu mwingine ambaye naye haonekani. Mtu huyo ni mke, mume, binti, mtoto wa kiume au mkwe, ambaye humlisha, humwogesha na kumgeuza kitandani usiku na mchana. Leo tutawaelezea kuhusu mtu huyo, na kwa nini afya yake isichukuliwe kuwa jambo dogo.

Kwa mujibu wa sensa iliyofanyika mwaka 2020, China ilikuwa na watu milioni 264 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, idadi ambayo ni asilimia 18.7 ya watu wote nchini. Katika mwaka huo mji wa Guangzhou ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni 18. Kwa kuwa wengi kati yao ni vijana waliotoka sehemu nyingine kutafuta kazi, mji huo unaonekana kuwa ni wa vijana. Lakini tukiwahesabu wenyeji tu walioandikishwa kuwa wakazi wa kudumu, hali ni tofauti: mwanzoni mwa miaka ya 2020, karibu mtu mmoja kati ya kila watano alikuwa ametimiza umri wa miaka 60. Katika wilaya za zamani kama Yuexiu na Liwan, uwiano huo ni mkubwa zaidi.

Wazee hao wanaishi wapi? Wengi sana wanaishi nyumbani. Miji mikubwa ya China hupanga huduma za wazee kwa kukadiria kuwa tisa kati ya kila wazee kumi watatunzwa nyumbani, na wachache tu watategemea vituo vya mtaani au nyumba za kulelea wazee. Mpango huo unalingana na mila ya Wachina. Katika maandishi ya Kichina, neno xiao, maana yake ni heshima na utiifu wa mtoto kwa wazazi wake, huandikwa kwa alama ya mzee iliyokaa juu ya alama ya mtoto, na watu wengi hulifafanua kuwa ni mtoto aliyembeba mzazi mgongoni. Mila hiyo imeingia hata katika sheria. Sheria ya kulinda haki na maslahi ya wazee iliyorekebishwa na kuanza kutekelezwa tarehe 1 Julai mwaka 2013 inawataka watoto wanaoishi mbali na wazazi wawatembelee au kuwasalimu mara kwa mara.

Lakini migongo ya kubeba imepungua. Zamani mzee wa Guangzhou aliweza kuwa na watoto watano au sita, na zamu za kumwuguza ziligawanywa. Kuanzia mwaka 1980 hivi hadi mwisho wa mwaka 2015, China ilitekeleza sera ya kila familia, hasa mijini, kuzaa mtoto mmoja tu. Watoto hao wa pekee sasa ni watu wazima. Mume na mke ambao kila mmoja hana ndugu wanaweza kujikuta wanawajibika kwa wazazi wanne, huku wakiwa na mtoto wao anayesoma. Isitoshe, tangu tarehe 1 Januari mwaka 2025 umri wa kustaafu umeanza kuongezwa hatua kwa hatua, kwa hiyo binti aliyetegemea kustaafu mapema ili amwuguze mama yake huenda akalazimika kuendelea na kazi kwa muda zaidi.

Tuchukulie kuwa yupo mwanamke mwenye umri wa miaka 50 na ushei anayeishi katika wilaya ya Liwan. Nyumba yao iko ghorofa ya saba katika jengo la zamani lisilo na lifti. Baba yake alipatwa na kiharusi na hawezi kusimama bila kushikwa. Mwanamke huyo huamka saa kumi na moja alfajiri, humbadilisha baba nepi, humsafisha, humpikia uji wa mchele na kumlisha kijiko kwa kijiko, kwa sababu akimeza kwa haraka anapaliwa. Halafu huenda kazini. Saa sita hurudi mbio kumpa chakula cha mchana. Jioni hufua mashuka, humfanyisha baba mazoezi ya viungo, na usiku huamka mara mbili au tatu kumgeuza ili asipate vidonda vya kulalia. Siku ya kliniki humbidi atafute watu wawili wa kumsaidia kumteremsha baba kwa ngazi. Mwanamke huyo si mtu halisi, lakini mambo anayoyafanya hufanywa kila siku katika maelfu ya nyumba. Swali ni hili: ataweza kuyafanya kwa miaka mingapi?

Wanasaikolojia wana jina la hali inayompata mtu anayebeba mzigo wa namna hii bila kupumzika. Mwaka 1974 daktari Herbert Freudenberger wa Marekani aliandika kuhusu wafanyakazi wa zahanati waliojitolea kwa moyo mkubwa, na ambao baada ya muda walikuwa kama taa iliyokwisha mafuta. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hiyo kuwa ni matokeo ya msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa, nalo likataja dalili tatu: mtu huishiwa nguvu kabisa, hujitenga na kazi yake au kuichukia, na huona kuwa afanyalo halina faida. Shirika hilo lilizungumzia kazi za kuajiriwa. Lakini kazi ya kumwuguza mzazi ni ngumu kuliko nyingi za kuajiriwa, kwani haina mshahara, haina siku ya mapumziko, na anayeifanya hawezi kuandika barua ya kujiuzulu.

Kwa mtunzaji wa nyumbani, uchovu huo huja kidogo kidogo. Kwanza usingizi unapotea, hata usiku ule ambao mgonjwa amelala vizuri. Kisha mgongo na mabega yanauma siku zote. Anasahau kunywa dawa zake mwenyewe za shinikizo la damu, ingawa hasahau hata siku moja dawa za mgonjwa. Anaacha kupokea simu za marafiki. Anafoka kwa jambo dogo, halafu analia kwa kujilaumu. Mwishoni huenda ikamjia fikra ambayo hathubutu kumwambia mtu yeyote, kwamba mambo yote haya yangekwisha iwapo mzee angefariki dunia. Fikra hiyo humtisha, naye hujiona mtu mbaya kuliko wote. Lakini kwa kawaida fikra hiyo haimaanishi kwamba hampendi mzazi wake. Ni ishara kuwa nguvu zake zimefika mwisho.

Je, hali hiyo ni hatari kiasi gani? Mwaka 1999 watafiti wa Marekani Richard Schulz na Scott Beach walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wazee waliokuwa wakiwatunza wake au waume zao. Waliwafuatilia kwa muda wa miaka minne. Waligundua kuwa watunzaji walioona kuwa wamelemewa na kazi hiyo walikuwa na uwezekano wa kufariki dunia ulio mkubwa kwa asilimia 63 kuliko wazee wenzao ambao hawakuwa na mtu wa kumtunza. Lakini uchunguzi huo ulionesha pia jambo la pili, ambalo mara nyingi halitajwi. Wale waliokuwa wakitunza bila kulemewa hawakuonekana kuwa na hatari hiyo iliyoongezeka. Maana yake ni kwamba kumtunza mzee peke yake si jambo la kuua. Linaloua ni kulemewa. Kwa hiyo anayepumzika na kutafuta msaada hapunguzi mapenzi yake kwa mzazi, bali anahakikisha kuwa mzazi huyo hatabaki bila mtu.

Hata hivyo, watu wengi hawaombi msaada. Katika familia za Guangzhou, kumpeleka mzazi katika nyumba ya kulelea wazee, au hata kumwachia mhudumu wa nje kwa siku moja, bado kunaweza kuzua maneno ya majirani na jamaa. Wachina wana msemo usemao kuwa mbele ya kitanda cha mgonjwa wa muda mrefu hakuna mtoto mwema. Msemo huo hutumiwa kulaumu, lakini ukiutazama vizuri utaona kuwa unaeleza ukweli kuhusu mwili wa binadamu: wema una kikomo iwapo haupewi muda wa kupumua. Nasi Waswahili twasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtunzaji anayeficha uchovu wake kwa kuogopa aibu hufichuliwa siku anapoanguka jikoni, na siku hiyo nyumba huwa na wagonjwa wawili.

Katika miaka ya hivi karibuni mji wa Guangzhou umechukua hatua kadhaa ambazo, ijapokuwa zimewalenga wazee, huwapunguzia mzigo watunzaji. Mwaka 2016 serikali ya China iliichagua Guangzhou kuwa miongoni mwa miji 15 ya kufanyia majaribio ya bima ya utunzaji wa muda mrefu, na mwezi Agosti mwaka 2017 bima hiyo ilianza kutumika mjini humo. Mwaka 2020 majaribio hayo yalipanuliwa hadi miji 49 nchini. Utaratibu wake ni kwamba familia huomba mzee apimwe. Wapimaji huangalia kama anaweza kula, kuoga, kuvaa nguo, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti na kutembea, na kila jambo hupewa alama. Anayeonekana kuwa hawezi kujitegemea hulipiwa na bima sehemu kubwa ya gharama za mhudumu anayefika nyumbani, au za kituo cha utunzaji. Mhudumu akija kwa saa mbili kumwogesha mzee, binti yake hupata saa mbili za kulala au kwenda kwa daktari.

Aidha, mji huo umeanzisha kantini za wazee katika mitaa ya makazi, ambazo zimepita 1,000. Mzee anayeweza kutembea huenda kula huko kwa bei nafuu, na asiyeweza hupelekewa chakula nyumbani. Kwa mtunzaji aliyeajiriwa, chakula hicho kimoja cha mchana humwondolea safari ya kurudi nyumbani mbio kila siku. Mitaani pia kuna vituo viitwavyo Yikang, ambavyo huwapokea wazee kwa mchana tu au kwa siku kadhaa mfululizo, na hutuma wahudumu nyumbani. Huduma ya kumpokea mgonjwa kwa muda ili jamaa zake wapumzike huitwa kwa Kichina chuanxi, yaani kuvuta pumzi. Na kwa wanaoishi katika majengo marefu ya zamani, Guangzhou imeweka maelfu ya lifti mpya nje ya kuta za majengo hayo. Lifti hiyo humtoa mgonjwa nje kuliona jua, nayo humtoa nje mtunzaji pia.

Tatizo ni kwamba msaada huo haufiki mlangoni wenyewe. Anayeuhitaji zaidi ndiye asiye na nafasi ya kwenda ofisini kujaza fomu. Kwa sababu hiyo vituo vya wafanyakazi wa ustawi wa jamii, ambavyo vilianza kuenea katika mitaa yote ya Guangzhou tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, vina umuhimu mkubwa. Simu moja kwa kituo cha mtaa yaweza kuwa mwanzo wa mambo mengine yote, na mara nyingi simu hiyo hupigwa na jirani.

Wasikilizaji wapendwa, pamoja na misaada hiyo, yapo mambo ambayo mtunzaji mwenyewe anaweza kuyafanya, awe Guangzhou, Mombasa au Bujumbura.

La kwanza ni kuandika kazi zote anazozifanya kwa wiki moja, mchana na usiku. Watu wa nyumbani wakiiona orodha hiyo ndipo wanapofahamu uzito wake, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baada ya hapo kazi zigawanywe kwa kutaja jambo, mtu na siku. Kusema "nisaidieni" hakutoshi. Ni afadhali kusema "kaka, Jumamosi kuanzia saa mbili hadi saa nane wewe utakaa na baba." Ndugu anayeishi mbali anaweza kulipia nepi, au kufuatilia mambo ya hospitali na bima kwa simu.

La pili ni kulinda usingizi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza huhitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, na hakuna mtu anayeweza kufanya hivyo peke yake kila usiku. Kama wapo watu wawili, wapokezane usiku kwa usiku. Kama yupo mmoja tu, amwulize muuguzi kuhusu godoro la hewa linalopunguza mgandamizo, na kama muda wa kugeuza unaweza kuongezwa wakati wa usiku. Naye alale mchana pale mgonjwa anapolala, badala ya kutumia muda huo kufua.

La tatu ni kulinda mgongo. Anayemwinua mgonjwa asimame karibu naye, atanue miguu, akunje magoti na kunyoosha mgongo, ageuze mwili mzima kwa miguu badala ya kuuzungusha kiuno. Shuka lililokunjwa na kuwekwa chini ya mgonjwa husaidia kumsogeza bila kumvuta kwa mikono. Muuguzi wa zahanati anaweza kumfundisha mtu ufundi huo kwa muda mfupi.

La nne ni kutosahau kliniki yake mwenyewe. Dawa za mtunzaji ziwekwe mahali pamoja na za mgonjwa na kunywewa saa ile ile. Tarehe yake ya kwenda kupimwa iandikwe ukutani pamoja na ya mzee.

La tano linawahusu wale wanaowatunza wazee waliopoteza kumbukumbu. Kazi hiyo huchosha kwa namna ya pekee, kwa sababu mzee anaweza kumshutumu binti yake kuwa ni mwizi, au kutaka kwenda nyumbani ilhali yumo nyumbani, hasa inapofika jioni. Kubishana naye hakusaidii. Inafaa zaidi kumtuliza, kumbadilishia mazungumzo, kumpa kitambaa cha kukunja au kumfungulia redio. Shirika la Afya Duniani limetoa mafunzo yaitwayo iSupport kwa ajili ya watunzaji wa wagonjwa hao, nayo yamekwisha kutafsiriwa kwa Kichina na lugha nyingine nyingi.

La sita ni kujua wakati wa kutoka chumbani. Hasira ikipanda kiasi cha mkono kutaka kuinuka, mtunzaji ahakikishe mgonjwa yuko salama, atoke nje, apumue polepole kwa dakika chache, kisha ampigie mtu simu. Na anayeanza kuwaza kumdhuru mgonjwa au kujidhuru mwenyewe asingoje hadi kesho. Amwambie mtu siku hiyo hiyo na aende kwa daktari, kama vile ambavyo angefanya iwapo angepatwa na maumivu ya ghafla ya kifua.

Suala hili halikomei China. Mjini Guangzhou kwenyewe, katika mtaa wa Xiaobei, wapo wafanyabiashara wengi kutoka Afrika, wakiwemo wasemao Kiswahili, na wengi wao wameacha wazazi nyumbani. Kila mwezi hutuma fedha, nalo ni jambo jema. Kule Zanzibar, tangu mwezi Aprili mwaka 2016, serikali huwapa pensheni wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na hilo nalo ni jambo jema. Lakini fedha hazimgeuzi mgonjwa usiku wa manane. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki anayefanya hivyo ni dada aliyebaki nyumbani, wifi, au mjukuu aliyeachishwa shule. Anayetuma fedha kutoka ng'ambo anapopiga simu huuliza, "Mama anaendeleaje?" Ni vizuri aongeze swali la pili: "Na wewe, dada, ulilala?" Kisha asitume fedha za dawa peke yake, bali atume pia za kumlipa mtu mwingine akae na mama siku mbili kwa mwezi, ili dada huyo apate kupumzika, kwenda harusini, au kukaa tu bila kuitwa.

Waswahili husema mkono mmoja haulei mwana. Mkono huo mmoja haumwuguzi mzee pia. Mji wenye kantini, lifti na bima umeongeza mikono, lakini mkono wa kwanza kabisa ni wa ndugu au jirani anayebisha hodi na kumwambia mtunzaji, "Nenda kalale, mimi nipo."

Wasikilizaji wapendwa, mliyosikia ni maelezo kuhusu watunzaji wa wazee mjini Guangzhou na njia za kujiepusha na uchovu uliokithiri.